Bibi Shamba Anajibu: "Mmetusomea Cheti cha Hospitali"

Mwezi uliopita niliandika hapa maneno machache juu ya jirani yangu wa Kibosho, mkulima wa kahawa, tuliyemzika Aprili. Hakuna aliyeniuliza, yalinitoka tu. Tangu hapo barua zinazonifikia karibu zote ni za misiba. Kwa kawaida ukurasa huu ni wa mnyauko wa migomba na ng'ombe wanaokataa kula. Safari hii nimewaomba wahariri waniachie nafasi yote kwa barua hizi, maana waliokufa ndio hao hao waliokuwa wakiniuliza juu ya hiyo migomba.

Shikamoo Bibi Shamba. Baba yetu alifariki Machi mwaka huu huko Old Moshi, akiwa na miaka 84. Mimi ndiye mwanawe mkubwa, naishi Dar es Salaam, na wasifu wake niliuandika kwenye simu, ndani ya basi, usiku tukienda kumzika. Nilisema alizaliwa 1940, alisoma hadi darasa la nne, alikuwa mkulima, alimwoa mama 1964, wakajaliwa watoto saba. Kisha nikaandika presha, sukari, figo, na hospitali zote tulizompeleka. Baada ya mazishi mzee mmoja, jirani yetu, alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mmetusomea cheti cha hospitali." Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Mwakani tutafanya ibada ya kumbukumbu na kujengea kaburi. Nataka kuandika upya. Nianzie wapi?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na baba.

Usijitese kwa ile karatasi ya kwenye basi. Nimekaa chini ya maturubai mengi, na wasifu wa wakulima wetu unafanana kama miche ya kitalu kimoja: kuzaliwa, shule, "alijishughulisha na kilimo", kisha hospitali. Akifa mwalimu tunatajiwa kila shule aliyofundisha. Akifa karani tunasikia vyeo vyake kimoja baada ya kingine. Mkulima, miaka yake 60 ya kazi inamezwa na maneno matatu. Hili linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza, maana mimi kazi yangu ilikuwa kuwatembelea watu hawa mashambani, na ninajua kilichomo ndani ya hayo maneno matatu.

Nimefikiria sana kwa nini tunafanya hivi, na naona sababu ni kwamba ugonjwa una karatasi. Usiku wa msiba, anayeandika huwa ana faili la hospitali mkononi, lenye tarehe na majina ya dawa. Basi anaandika alichonacho. Lakini kahawa nayo ilikuwa na karatasi zake. Fungua sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha mzee, au mfuko wa nailoni uliotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Huko utakuta kadi ya uanachama wa chama cha msingi cha ushirika, stakabadhi za mizani zenye kilo na mwaka, risiti za mrututu, ile dawa ya kupulizia mibuni, labda barua ya malipo ya pili. Zikusanye zote kabla watu hawajaanza kusafisha nyumba. Nimeona mara tatu karatasi hizo zikiwashiwa moto wa kuchemshia chai ya msiba.

Kisha chukua daftari. Upande mmoja andika miaka, upande wa pili umri wa baba. Alizaliwa 1940. Wakati huo KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilikuwa na miaka 7 tu, na kile kilichokitangulia, KNPA, kilianzishwa 1925 na watu wa rika la babu zako. Uhuru ulimkuta na miaka 21. Je, alikuwa amekwisha kugawiwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, au alikuwa bado anamlimia baba yake? Mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika alikuwa na miaka 36, mibuni yake ikiwa imekolea kuzaa. Alipeleka wapi kahawa, na nani alimpimia? Vyama viliporudishwa mwaka 1984 alikuwa na miaka 44. Alijiunga tena, au alikaa pembeni kwanza akitazama? Mwaka 1989 nchi zinazolima kahawa na zile zinazoinunua zilishindwa kuelewana juu ya mgawo wa mauzo, bei ikaporomoka duniani kote. Yeye ana miaka 49, na bila shaka kuna watoto sekondari. Ada ya mwaka ule ilitoka wapi? Aliuza ng'ombe? Alikwenda kulima mahindi tambarare? Mama ndiye aliyeokoa jahazi kwa ndizi na maziwa? Hapo, mwanangu, kalamu isimame. Ukipata jibu la mwaka 1989 peke yake, umepata zaidi ya nusu ya wasifu.

Na hili la mama usilipite haraka. Kwetu mlimani kahawa ilihesabiwa ya baba, ndizi na maziwa ya mama. Lakini majani ya ng'ombe wa ndani yalipandishwa kutoka tambarare kichwani mwa mama, na mbolea ya ng'ombe hao ndiyo iliyoilisha mibuni. Ukiandika kwamba baba alikuwa na kahawa nzuri bila kuutaja mzigo ule wa majani, umeandika nusu.

Karatasi zikiisha, kitembee kihamba. Nenda na mama kama ana nguvu, au na yule mzee aliyekushika mkono. Anzeni juu, pale mfongo, mfereji wetu wa maji, unapoingilia, mshuke nao. Kila mti uulize: mruka huu nani aliuacha usimame uipe kahawa kivuli? Mringaringa ule alikuwa anautunzia nini, mbao za mlango au jeneza lake mwenyewe? (Usishtuke. Wazee wengi huchagua mti mapema, na hawamwambii mtu ila mke.) Msesewe upo kwa ajili ya mbege (pombe yetu ya ndizi) ya nani? Safu hii ya mibuni ni ya zamani, ile ni miche mipya ya Lyamungu. Aliipanda mwaka gani, na kwa nini alibakiza ile ya zamani? Zamu yake ya maji ilikuwa siku gani, mchana au usiku? Mtu aliyeamka saa nane za usiku kila juma kwa miaka 50 kwenda kufungua maji amefanya jambo linalostahili kusomwa kanisani.

Kuhusu ugonjwa, sentensi moja inatosha, kwa mfano: aliugua figo kwa miaka mitano, akauguzwa na mama na dada zako, akafariki nyumbani. Wataje waliomuuguza. Majina ya hospitali yaache.

Umeniuliza pa kuanzia, nami nisikuache na maneno matupu. Hiki ni kipande nilichoandika kwa ajili ya yule jirani yangu. Mkewe aliniruhusu kukitoa bila jina:

"Kwenye mlango wa stoo yake kuna mistari ya mkaa. Kila msimu aliandika kilo za kahawa aliyopeleka chamani, mwaka juu, kilo chini. Mistari imeanza 1968. Mwaka aliozaliwa binti yake wa tatu amechora na alama ndogo ya nyota. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, bei ilipokuwa mbaya na majirani wakang'oa mibuni wapande nyanya, namba zake zilipungua lakini hazikukatika. Alituambia hawezi kung'oa kitu kilichomnunulia mkewe cherehani. Cherehani ile ipo, na vitenge vya watoto wa kitongoji hiki, sare za shule za kitongoji hiki, vimepita chini ya sindano yake. Mstari wa mwisho mlangoni aliuandika mjukuu, kwa kuwa babu hakuweza tena kusimama. Kilo 41."

Kilichosomwa kanisani ni hicho, pamoja na tarehe na majina ya watoto. Kilichukua dakika nne. Baadaye watu walipanga foleni kwenda kuutazama mlango.

Bibi Shamba, bibi yangu mzaa mama amefariki Matombo akiwa na miaka 81. Nililelewa naye. Katekista alipotaka wasifu, mjomba alisema andika "mama wa nyumbani". Mimi nilimjua bibi akiwa na mashamba manne, mdalasini, pilipili manga, migomba, na mpunga bondeni. Niliandika "mama wa nyumbani" kwa kuwa mjomba ni mkubwa kwangu. Je, kuna namna ya kusahihisha bila kumvunjia mjomba heshima?
*Mjukuu, Morogoro*

Mjukuu wangu, pole. Barua yako imenirudisha mbali. Nilipomaliza mafunzo ya kilimo Ilonga, kule Kilosa, kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa milima ya Uluguru, mwaka 1981. Nilikuwa msichana mwenye baiskeli isiyofaa kitu kwenye miinuko ile.

Kwanza ardhi. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Watu wa mama mmoja huitwa tombo, yaani titi la mama, na mashamba ni ya ukoo huo. Kwa hiyo bibi yako hakulima kwa mumewe kama mgeni. Alilima ardhi iliyompitia mama yake na mama wa mama yake. Kwa mwanamke wa namna hiyo, wasifu uanze na ukoo wake, kisha mashamba, kila moja kwa jina. Mashamba ya kule yana majina. Shamba la jiwe, shamba la mtoni, shamba alilopewa alipovunja ungo. Mjomba wako anayajua majina hayo kukushinda, kwa kuwa naye ni mtoto wa ukoo huo huo. Usiende kwake na lawama. Nenda umwambie, "Mjomba, nataka kuyaandika mashamba ya bibi yasije yakapotea. Nisaidie majina." Nina hakika ataongea mpaka usiku, na lile neno "mama wa nyumbani" litaanguka lenyewe.

Pili, hesabu miaka. Kama alikuwa na 81, mwaka 1955 alikuwa msichana wa miaka kumi na kitu. Julai mwaka ule watu walikusanyika Matombo kukataa kazi ya lazima ya matuta ya ngazi ambayo serikali ya Waingereza iliwasukumia, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mradi ukaachwa. Mimi nilifika miaka 26 baadaye nikiwa na makaratasi yangu ya makinga maji, nikashangaa kwa nini akina mama wananisikiliza wameinamisha macho. Siku moja mama mmoja alinichukua hadi kwenye mteremko, akachimba kwa jembe mara tatu, akanionyesha udongo mweusi juu, mwembamba kama kiganja, na chini yake udongo mwekundu mgumu. Akasema, "Ngazi zenu zilizika huu zikaweka huu juu. Mahindi yakawa ya manjano." Nilijifunza pale zaidi ya nilivyojifunza darasani. Sikurudi tena na yale makaratasi. Nilianza kuuliza wao wanazuiaje maji.

Sikumbuki jina la kila mama niliyemtembelea. Inawezekana bibi yako alikuwa mmoja wao. Uliza nyumbani kama aliwahi kusimulia habari za mwaka wa matuta: alikuwa wapi siku ile, mama yake alimficha wapi. Kama hakuna anayejua, usibuni. Andika tu kwamba alikuwa na umri ule, Matombo, mwaka ule. Anayeijua milima ataelewa.

Na mdalasini: alibandua magome yeye au aliwaita vijana? Aliuza kwa nani? Alishuka mjini kwa miguu au alingoja gari? Hilo ndilo nililokuwa nikiwauliza siku zote, na kila mmoja alikuwa na jibu lake.

Shikamoo mama. Sisi ni wa Rombo. Ndugu wanabishana mama alizaliwa 1935 au 1938. Fundi wa msalaba anangoja. Tuandike lipi?
*Msomaji, Himo*

Marahaba. Nendeni parokiani au usharikani mkaombe kuangalia kitabu cha ubatizo; hata kama alibatizwa mkubwa, mara nyingi umri unatajwa. Kama kitabu hakipo, watafuteni watu wa rika lake, wale aliopata nao kipaimara. Muwaulize alikuwa na umri gani Mangi Mkuu Marealle, mtawala wa Wachagga wote, aliposimikwa, mwaka 1952: alikuwa anabeba mtoto wa mwenzie mgongoni, au alikuwa tayari anachumbiwa? Miaka 14 na 17 zinatofautiana sana kwa msichana, na wenzake watakumbuka. Mkikosa kabisa, msalabani andikeni mwaka wa kufariki peke yake. Msimlazimishe fundi kuchonga jambo ambalo nusu ya familia italipinga kila Desemba mkija nyumbani.

Hujambo mama. Mimi nasoma gazeti lenu hapa Nyamira, Kenya. Mama yetu alikuwa mkulima wa chai. Tunachapisha kijitabu cha mazishi, chenye picha za rangi. Kaka yangu ana cheo serikalini na anataka iandikwe kwamba mama alikuwa "mfanyabiashara". Anasema kuchuma chai kutatuaibisha mbele ya wageni wake. Nimelia. Nifanye nini?
*Binti wa Nyamira*

Sijambo binti yangu, nakupa pole kutoka huku ng'ambo ya mpaka.

Sina chai shambani kwangu lakini nimetembea mashamba ya chai ya wakulima wadogo, na najua maana ya kuchuma majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, umande ukikulowesha hadi kifuani, kisha kuwahi kituoni kabla gari halijaondoka. Mama yako alikuwa na nambari ya mkulima. Itafute. Imo kwenye karatasi za malipo. Iandike kwenye kijitabu chini ya jina lake, kama askari anavyoandikiwa nambari yake ya jeshi.

Kwa kaka yako, usimpinge kwa maneno. Mwambie akuandikie aya moja yeye mwenyewe: bonasi ya mwaka gani ilimlipia karo yake ya kwanza ya sekondari, na nani alimsindikiza hadi shuleni siku ile, amevaa nini. Mpe siku mbili. Nimewaona wakubwa wakikataa jambo kwenye kikao cha familia, halafu wakiwa peke yao na kalamu wakaandika kurasa tatu. Kama hata hivyo atashikilia neno lake, nitakuwa upande wako: mama aitwe alivyojiita. Alipoulizwa kituoni au hospitalini "kazi yako?", alijibu nini? Hilo ndilo liandikwe. Wageni wa kaka yako watakuja siku moja tu. Wajukuu watakisoma kijitabu kile miaka yote.

Bibi Shamba, naomba uniambie ukweli. Baba yangu, wa Marangu, aligombana na jirani juu ya mpaka kwa miaka 11. Walifikishana hadi baraza la kata. Kwenye wasifu tumeandika "aliishi kwa amani na watu wote". Jirani atakuwepo kwenye ibada ya kumbukumbu. Nafsi inanisuta.
*Msomaji, Marangu*

Sikiliza nafsi yako. Futa sentensi hiyo.

Sisemi uusome ugomvi kanisani. Ugomvi wa mpaka una mahali pake, na mahali hapo ni chini ya masale, ile mimea tunayoipanda mipakani, mbele ya wazee. Lakini ukisoma kwamba aliishi kwa amani na watu wote wakati mtu mzima amekaa benchi la tatu akijua si kweli, kila jema utakalolisoma baada ya hapo ataliona la uongo, na hata walio jirani naye. Wasifu wote utaharibika kwa sababu ya maneno sita. Andika mema ambayo hata yeye hawezi kuyakana. Baba alisafisha mfongo kila msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ulipoitwa? Andika. Alikuwa mkali? Andika alikuwa mkali, watu watatabasamu kwa kuwa wanamjua.

Nitakwambia kitu nilichokiona, si mbali na kwenu. Wazee wawili hawakusalimiana miaka mingi kwa sababu kama hiyo, masale yaling'olewa usiku, hakuna aliyekiri. Mmoja alipokufa, mwanawe wa kike alichukua jani la sale akaenda nalo kwa yule mwingine, kama desturi yetu inavyotaka unapoomba msamaha. Hakuomba mpaka usogezwe. Aliomba tu aje aseme neno moja juu ya baba yake. Mzee alikaa kimya muda mrefu, akalipokea jani. Siku ya ibada alisimama na fimbo yake akasema kwamba mwaka mmoja wa ukame, wakiwa katikati ya ugomvi wenyewe, alikuwa amelazwa na homa, na zamu yake ya maji ikafika usiku. Asubuhi alikuta migomba yake imelowa. Mtu pekee ambaye angeweza kufungua maji yale ni aliyepakana naye juu. Hakuwahi kumuuliza, na mwenzake hakuwahi kusema.

Binti yule hakulijua jambo hilo. Mama yake pia hakulijua. Kama wangemaliza na "aliishi kwa amani na watu wote", lingezikwa siku mzee wa pili naye atakapokufa.

Kwa hiyo nenda kwa jirani yenu. Huenda hana cha kusema, na hilo pia ulipokee kwa adabu, urudi nyumbani. Lakini nenda.

Shikamoo. Mama yangu yu hai, ana miaka 79, yuko Mbinga, bado analima ngoro. Nikisoma ukurasa wako napata hofu. Nikimwuliza maisha yake atadhani ninamtabiria kifo. Nifanyeje?
*Msomaji, Songea*

Marahaba. Barua yako nimeiweka mwisho kwa kuwa ndiyo iliyonifurahisha.

Usimketishe kitini umwelekezee simu usoni. Wazee wengi wakiketishwa hivyo hujibu kama wako mahakamani. Nenda ukalime naye. Wewe mwenyewe unajua ngoro: nyasi zinakatwa, zinalazwa kwa miraba shamba zima, udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi, panabaki shimo katikati na tuta pembeni, maharage yanapandwa juu ya tuta. Wamatengo wamelima hivyo kwenye miteremko ile vizazi na vizazi, na wataalamu wa udongo hutoka nchi za mbali kuja kutazama jinsi mashimo yale yanavyoshika mvua. Kulaza nyasi ni kazi ya wanaume, kuchimba na kupanda ni ya wanawake. Basi nenda ukalaze nyasi, mwanangu. Kama wewe ni binti, shika jembe.

Usimwulize "ulizaliwa lini". Muulize vitu vilivyo mbele ya macho yake. Kwa nini miraba ya upande huu ni midogo kuliko ya kule? Jembe hili ni la ngapi tangu aolewe, na lile la kwanza lilikwenda wapi? Mwaka gani mvua ilivunja matuta? Waliolima naye bega kwa bega shamba hili ni nani na nani, na wamezikwa wapi? Mbegu hii ya maharage ameitoa kwa nani? Mbegu za maharage za mama zetu zina ukoo kama watu. Niliwahi kupewa debe dogo la maharage ya madoa na mama mmoja, akanitajia wanawake watano waliopokezana mbegu ile kabla yake, kwa majina, bila kusita. Sikuwa na kalamu siku hiyo. Nimebaki na majina mawili.

Beba daftari dogo mfukoni, uandike jioni akiwa jikoni, usiandike mbele yake siku ya kwanza. Siku ya pili yeye mwenyewe atauliza unaandika nini. Msomee. Atakusahihisha, na masahihisho hayo ndiyo matamu.

Nyasi huwa zinalazwa kabla ya Machi kwisha. Ukipanda basi la Songea asubuhi unafika Mbinga mapema. Na ukipata jina la mama aliyempa mbegu ya maharage, niandikie.